Fulana Haizuii Mafuriko

Nimechoka na fulana.

Nimechoka na zile fulana nyeupe zenye maandishi ya kijani kifuani, zinazogawiwa kila Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, na ikifika Agosti zimeshakuwa matambara ya kudekia. Nimechoka na kofia zake, mabango yake na matarumbeta yake. Nimechoka na mgeni rasmi anayefika saa tano kwa shughuli ya saa mbili, akashuka kwenye gari lililoachwa likinguruma ili kiyoyozi kisizimike, akashika mche kwa vidole viwili, akapigwa picha, akanawa mikono, akaondoka.

Na wewe kijana uliyesimama pembeni ya picha ile umeshika ndoo ya maji, unatabasamu, nimechoka na wewe pia.

Usinune. Nijibu kwanza. Ule mche uliomwagilia mwaka juzi uko wapi leo?

Siku ya Kupanda Miti Kitaifa ni Aprili 1. Mvua za Dodoma huaga mwezi huohuo. Mche utakaopandwa huko siku hiyo na kuachwa unaingia kiangazi cha miezi saba ukiwa na majani manne. Hata mbuzi hana haja ya kujisumbua. Kila halmashauri imeagizwa ipande miti milioni 1.5 kwa mwaka. Imeagizwa kupanda. Kuhesabu iliyopona ni habari nyingine, na hakuna fulana zinazogawiwa siku ya kuhesabu. Wakati huohuo, kwa takwimu za Serikali yenyewe, nchi inapoteza takriban hekta 469,000 za misitu kwa mwaka. Sisi tunapanda kwa vidole viwili, shoka linakata kwa mikono miwili.

Halafu tunaambiwa vijana ni taifa la kesho.

Kesho ipi tena, jamani? Kesho imeshafika. Imefika na tope, imefika usiku, imefika ikabeba magodoro.

Desemba 2011 ilifika Dar es Salaam. Mvua kubwa kuliko zote tangu 1954, watu zaidi ya 40 wakafa, waliookoka wakapelekwa Mabwepande kuanza maisha kwenye mahema. Desemba 3, 2023 ilifika Hanang. Mlima ulishusha tope na magogo juu ya Katesh na vijiji vyake, na watu zaidi ya 80 wakazikwa. Siku hiyo dunia nzima ilikuwa Dubai kwenye mkutano wa 28 wa tabianchi. Rais wetu alikuwa huko, ikabidi akatize safari. Orodha ya Watanzania kwenye mkutano ule ilikuwa ya mamia. Huku nyumbani watu walikuwa wanachimbua ndugu zao kwa majembe.

Aprili 2024 ilifika tena. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alisimama bungeni akasema watu 155 wamekufa kwa mvua na zaidi ya 200,000 wameathirika. Rufiji na Kibiti mashamba yaligeuka bahari. Siku chache baadaye kikaja Kimbunga Hidaya, barabara ikakatika Somanga, Lindi na Mtwara zikawa kisiwa.

Unakumbuka? Au umeshasahau? Sisi tuna ugonjwa huo. Jua likiwaka siku tatu, tope likikauka, tumesahau. Tunatoa godoro nje, tunalianika, tunalirudisha ndani, tunasubiri vuli.

Na kila baada ya maafa anatokea mtu mwenye suti mbele ya vipaza sauti anasema: "Haya ni mabadiliko ya tabianchi." Anasema kwa huzuni. Anasema kama daktari anayetaja ugonjwa usio na dawa. Akishalitaja neno hilo, hakuna wa kuulizwa chochote. Tabianchi haina ofisi, haina simu, haipigi muhuri, haigombei udiwani. Nani atakwenda kuishitaki?

Sikatai kwamba ipo. Ni mjinga tu atakayekataa. Bahari ya Hindi inapopata joto upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvuke hupanda huku kwa wingi na vuli hutushukia kwa fujo. Mwishoni mwa 2023 hali hiyo ilikutana na El Niño, tukaona wenyewe. Hewa iliyopata joto hubeba maji mengi zaidi, na ikiyaachia huyaachia kwa mkupuo mmoja. Mvua iliyokuwa inagawanyika kwa wiki mbili sasa inamwagika kwa usiku mmoja, kisha kimya, kisha ukame. Akina mama wa Unguja wanaolima mwani wamelijua hili kabla ya wataalamu wengi: ile mbegu nene yenye bei nzuri inakufa kwenye maji ya kina kifupi yaliyopata joto, na wao hawana mashua wala hawajui kuogelea ili waifuate kina kirefu. Pemba, huko Kisiwa Panza, maji ya chumvi yameingia kwenye mabonde ya mpunga.

Na najua nani alianza. Afrika nzima inachangia chini ya asilimia 4 ya hewa chafu inayoipasha dunia joto. Waliojenga viwanda vyao kwa makaa ya mawe kwa miaka mia mbili ndio wenye deni. Waliahidi Copenhagen mwaka 2009 kwamba ifikapo 2020 watatoa dola bilioni 100 kila mwaka. Mwaka 2020 ukafika, ukapita, fedha hazikutimia hadi 2022, na sehemu kubwa ikiwa mikopo. Yaani jirani amekuchomea nyumba, kisha anakukopesha hela ya kununua bati, kwa riba. Wadaiwe. Wadaiwe kila mwaka, kila mkutano, bila haya.

Lakini tabianchi haikumpa mtu kibali cha kujenga bondeni.

Tabianchi haikujenga karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, mahali ambapo historia yake na kila bibi wa Magomeni angekwambia kuwa ni njia ya maji. Mabasi yalianza kazi mwaka 2016, na tangu hapo tumeyaona mara ngapi yakiwa yamezama hadi magurudumu? Tabianchi haikula fedha ya mtaro. Tabianchi haikusaini cheti cha kukamilika kwa kazi ambayo haikukamilika.

Mvua ni ya Mungu. Mtaro ni wa halmashauri.

Andika hapo ukutani. Mvua ni ya Mungu, mtaro ni wa halmashauri.

Mtaani kwetu, bonde la Msimbazi, mtaro ulianza kujengwa kwa mbwembwe. Bango likasimikwa: jina la mradi, mfadhili, mkandarasi, tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza. Zege likamwagwa vizuri kabisa, nasema haki ya Mungu, kazi nzuri, kuta zimenyooka. Mtaro ukashuka kutoka barabarani, ukapita nyuma ya msikiti, ukapita kwa muuza chipsi, ukafika kwenye ukuta wa nyumba ya watu. Ukaishia hapo. Haukwenda mtoni. Mkataba uliishia hapo, fedha iliishia hapo, na zege likaishia hapo. Maji hayakuambiwa.

Sasa kabla ya mtaro ule, maji ya mvua yalikuwa yanatawanyika kila mtu akapata yake kidogo. Baada ya mtaro, yanakusanywa yote ya mtaa wa juu, yanaletwa kwa kasi, yanamiminwa ndani ya nyumba moja. Nyumba hiyo ina wapangaji sita. Vitanda vyao vimepandishwa juu ya matofali matatu matatu. Mlangoni kuna viroba vya mchanga. Ukutani kuna mistari ya maji, mmoja juu ya mwingine, na mpangaji mmoja, dada anayeuza mihogo, ameandika miezi pembeni ya kila mstari kwa mkaa. Ukitaka takwimu za hali ya hewa, kasome ukuta wake.

Na ndani ya mtaro kuna nini? Pampasi. Chupa za plastiki. Maganda ya mihindi. Mabaki ya ile fulana. Mifuko ya plastiki tuliipiga marufuku Juni 1, 2019, na tulifanya vizuri, lakini chupa zilibaki, na kila kitu kinachokosa pa kwenda kinakwenda mtaroni. Hapo siwezi kumlaumu mkandarasi. Hapo ni wewe na mimi na yule anayesubiri mvua ianze ndipo atoke na mfuko wa taka gizani ili maji yambebee. Yanakubebea mpaka wapi? Mpaka kwa dada wa mihogo.

Niulize sasa: siku mkutano wa mtaa ulipoitwa kuzungumzia mtaro huo, vijana mlikuwa wangapi?

Nilikuwepo. Walikuwepo wazee na makoti yao. Walikuwepo akina mama na vitenge vyao, nusu wakiwa na watoto mgongoni. Alikuwepo mlevi mmoja maarufu aliyeomba kuchangia kila ajenda. Vijana wa kiume ungeweza kuwahesabu kwa vidole na vidole vikabaki. Wengine mlikuwa hatua hamsini kutoka pale, kijiweni, mmeinamia simu mnachambua mkeka wa ligi ya Uingereza. Mnajua mshambuliaji gani ana kifundo cha mguu. Mnajua kocha gani atafukuzwa Jumatatu. Mtaro wa mtaa wenu umekula shilingi ngapi, hamjui.

Asiyekuwepo na lake halipo. Wazee walisema hivyo na hawakuongeza neno.

Mtaniambia mikutano yenyewe ni porojo, uamuzi umeshafanyika, mwenyekiti ni mtu wa wenyewe. Inawezekana. Lakini porojo hiyo ndiyo inayoandikwa kwenye muhtasari, na muhtasari huo ndio unaopelekwa kwenye kata kama "maoni ya wananchi". Ukikaa kijiweni, wanakuandikia maoni yako. Kijijini sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji kila baada ya miezi mitatu, na mjumbe wake ni kila mkazi aliyefikisha miaka 18. Si mwenye shamba, si mwenye mvi, si mwenye kadi ya chama. Kila mkazi. Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya milioni 61, na wenye umri wa miaka 15 hadi 35 ni zaidi ya theluthi moja. Halafu theluthi hiyo nzima inasubiri iitwe kwenye semina?

Ah, semina. Ngoja tuseme kidogo kuhusu semina.

Hoteli yenye viti vilivyovishwa vitambaa. Chupa ndogo za plastiki mezani, mbili kwa kila mtu, kwenye semina ya kupinga plastiki. Mada: kuwajengea vijana uwezo wa kukabiliana na mabadiliko ya tabianchi. Mwezeshaji anagawa karatasi za rangi, mnaandika "changamoto", mnabandika ukutani. Saa nne chai na sambusa. Saa saba wali. Saa kumi mnasaini posho na nauli. Jioni mnaandika mtandaoni kwamba mmefanya mabadiliko.

Mabadiliko ya nini? Uwezo uliojengwa uko wapi? Mvua ikinyesha usiku huo unaelea?

Nina hasira zaidi na vijana wenye akili waliogeuza jambo hili kuwa ajira. Wanajua lugha yote: ustahimilivu, uhimilivu, wadau, shirikishi. Wanajua mfadhili gani mwaka huu anataka mikoko na yupi anataka jinsia. Akitaka mikoko, wanapanda mikoko, hata kama ni kwenye tope lisilofaa, hata kama wazee wa pwani wanawaambia hapo mawimbi yataing'oa. Miche inang'oka. Ripoti inasema imepandwa. Mradi unafungwa, ofisi inafungwa, anabaki mvuvi na ufukwe wake mtupu. Ndugu zangu, mfadhili amepangiwa kuondoka tangu siku aliyokuja. Nyie mnakwenda wapi?

Na wakati wenye akili wako semina, vijana wengine wako kazini. Twende tukawaone, kwa kuwa hao hakuna anayewaita hotelini.

Alfajiri, barabara za kutokea Kisarawe. Pikipiki inakuja bila taa. Nyuma kuna magunia matatu ya mkaa, lumbesa, yamefungwa kwa mpira wa tairi mpaka dereva hana pa kukalia, amekaa juu ya tangi. Breki imelegea. Anakimbia ili apite kabla ya watu wa misitu hawajaamka. Ana miaka ishirini na kitu. Pikipiki si yake, ni ya mkataba, na jioni bosi anataka hesabu. Hesabu haijui mvua. Hesabu haijui tabianchi. Aprili barabara zikigeuka mito na abiria wakikaa ndani, hesabu ni ileile.

Mkaa huo unakwenda wapi? Kwako. Kopo kwa kopo, mtaani kwako, chini ya sufuria lako la maharage. Gesi unaiona dukani, lakini kujaza mtungi unatakiwa uwe na hela yote kwa mara moja, na mkaa unauzwa wa leo tu. Serikali imezindua mkakati mwaka 2024 kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi. Vizuri. Mama muuza chapati bado anasubiri mtu wa kumuuzia gesi ya leo tu.

Sasa fuata maji. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini pale Salenda. Kilima kikikatwa miti, hakuna kinachoshika udongo. Mvua inaubeba. Udongo unashuka na mto, unafika Jangwani ambako bonde ni tambarare na maji yanapoteza kasi, unatulia hapo. Kila msimu sakafu ya mto inapanda. Daraja halipandi. Nafasi iliyobaki chini ya daraja inapungua, mpaka siku maji yanapoamua kupita juu. Tingatinga linaletwa, linachota mchanga, msimu unaofuata umerudi. Na kati ya Pugu na Jangwani kuna vijana wengine ndani ya mto, maji magotini, wanachota mchanga kwa makoleo wakaupakie kwenye malori ya wafyatua matofali. Wanachimba kingo. Kingo zinaporomoka. Nyumba zinafuata.

Huyo wa pikipiki amepanga chumba bondeni. Huyo wa mchanga naye. Mkaa wa mmoja unaleta maji chumbani kwa wote wawili. Kikulacho ki nguoni mwako.

Utawakamata? Umewakamata mara ngapi? Utawapa fulana? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kijana huyo hajakosa elimu ya mazingira. Anajua kuliko wewe kwamba msitu unarudi nyuma, maana kila mwaka anaendesha mbali zaidi kuufuata. Amekosa hesabu nyingine ya kumpelekea bosi.

Na fedha ya kuanzia hesabu hiyo ipo. Sheria inaitaka kila halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisimamishwa kwa sababu ya vikundi hewa na madeni yasiyorudi, ikarudi 2024. Vikundi hewa! Vijana wenyewe mliunda vikundi vya majina ya marehemu na mashemeji, mkachukua, mkagawana. Kisha mnauliza kwa nini hatuaminiki.

Hebu fikiri kidogo. Kikundi cha vijana kumi kinachokopeshwa kwa ajili ya kununua pikipiki za abiria, kwenye mtaa ambao una pikipiki nyingi kuliko abiria. Wakati mtaro wa mtaa huohuo unahitaji kuzibuliwa kila wiki, taka zinahitaji kubebwa, chupa zina bei kwa kilo, na kila nyumba ya bondeni inahitaji mtu wa kuizungushia msingi. Kazi iko chini ya miguu. Diwani asiyeiona hiyo kazi haioni kwa sababu hakuna aliyesimama mbele yake akamwonyesha kwa karatasi na namba.

Usiniambie vijana hawawezi. Nimeona wakiweza.

Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale na vifaa vya kupimia wakishirikiana na wakazi, wakachora mtaa ambao kwenye ramani rasmi ulikuwa karibu doa tupu. Mwaka 2015 kazi hiyo ikapanuka ikaitwa Ramani Huria. Wanafunzi wa vyuo na vijana wa mitaa wakatembea kata kwa kata, simu mkononi. Walipima mitaro: upana, kina, imeziba au haijaziba, imejengwa au ni ya udongo. Walimuuliza bibi kwenye kizingiti: maji yalifika wapi? Bibi akaonyesha pajani. Wakaandika. Ramani zile ni za wazi, za bure, mtu yeyote anaweza kuzifungua. Kwa mara ya kwanza ungeweza kumwonyesha mkubwa mahali mtaro unapokufa.

Hiyo ndiyo kazi ya vijana. Haikuhitaji matarumbeta.

Lakini sasa jiulize: kwa nini kila kata haina vijana wanne wanaolipwa na halmashauri kufanya kazi hiyo kila mwaka, kabla ya vuli na kabla ya masika? Mtaro unazibwa kila msimu, nyumba mpya zinaota kila mwezi, ramani ya jana ni ya jana. Tuna fedha ya matarumbeta. Tuna fedha ya viti vya kuvishwa vitambaa. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 200 kwa ajili ya bonde la Msimbazi. Ndani yake kuna daraja jipya la Jangwani, na nyumba za bondeni zimebomolewa kupisha. Mkopo, nasema. Unajua nani ataulipa? Aliyezaliwa mwaka huu ataulipa. Wewe unayesoma utaulipa. Umewahi kuuliza hata swali moja juu yake?

Watu wanapenda sana kumtaja Wangari Maathai wanapopanda mche. Wanakumbuka miti, wanasahau kichwa chake kilichopasuliwa. Januari 1999 alikwenda msitu wa Karura, Nairobi, kupanda mche mmoja kwenye ardhi iliyokuwa imegawiwa wakubwa kwa ajili ya majumba, na walinzi wakampiga akatoka damu. Mche ule ulikuwa swali: nani kawapa msitu huu? Ndiyo maana walimpiga. Mche usiouliza chochote hakuna anayeupiga, unapigiwa makofi.

Au Vanessa Nakate wa Uganda. Januari 2020 alipigwa picha Davos na wasichana wenzake wanne wa Ulaya, na shirika la habari likaitoa picha hiyo likiwa limemkata yeye, Mwafrika pekee. Alilalama hadharani, dunia ikaona haya. Na kwao Kampala, Oktoba 2022, wanafunzi walioandamana dhidi ya bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, walikamatwa wakapelekwa mahabusu. Unaweza kuwa na maoni yako kuhusu bomba hilo, la kilomita 1,443. Mimi ninayo yangu. Lakini sehemu kubwa yake iko Tanzania, na sisi tuliujua mjadala kwa kusikia wenzetu wamekamatwa. Sisi tulikuwa semina.

Juni 2024 vijana wa Kenya waliusoma Muswada wa Fedha kifungu kwa kifungu. Waliutafsiri kwa lugha za nyumbani, wakauzungusha kwenye simu, wakajua ushuru uliopewa jina la mazingira ungepandisha bei ya pampasi. Rais wao alikataa kuusaini. Sisemi mkavamie Bunge. Wenzenu walilipa kwa damu na makaburi yapo. Nasema walisoma. Kabla ya yote yale, walikaa chini wakasoma makaratasi ya serikali ambayo mtu alidhani hakuna kijana atakayeyafungua.

Wewe bajeti ya halmashauri yako uliifungua lini?

Usinijibu kwamba ni ndefu. Mkeka wa timu kumi na tano unaumaliza kwa dakika ishirini.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Inama kwenye makaratasi. Mwenyekiti wa mtaa wako alichaguliwa Novemba 27, 2024. Ana muhuri, ana ofisi, ana benchi nje ya ofisi. Nenda kakae kwenye benchi hilo. Muulize mkandarasi wa mtaro alilipwa kiasi gani na nani alisaini kwamba kazi imekwisha. Muulize malori ya mchanga yanapita kwa kibali cha nani, na ushuru wake unaingia wapi. Muulize mapato na matumizi yatasomwa lini, na uandike tarehe mbele yake. Nenda na wenzako, kidole kimoja hakivunji chawa. Nenda na dada wa mihogo, ana ushahidi ukutani. Nenda na wa pikipiki siku ambayo hesabu imelala.

Mtaambiwa nyie ni watoto. Mtaambiwa mmetumwa. Mtaambiwa mhusika yuko safarini, yuko kikaoni, yuko semina ya tabianchi Dodoma. Mtaambiwa mwache namba ya simu, mtapigiwa.

Msiache namba. Kaeni hapohapo kwenye benchi. Vuli inaanza Oktoba.